Amri ya Shemeji Honi

Msomaji mwenzangu, kama umewahi kuuguza mkwe nyumbani kwako, sina haja ya kukueleza mengi. Unajua kitanda kinavyohamia sebuleni, makochi yanavyopandiana kibarazani, na ndugu wa mgonjwa wanavyofika mmoja mmoja na mabegi yao bila kusema wataondoka lini. Kama hujawahi, sogea karibu. Yaliyotukuta sisi hapa Tabata yanaweza kukukuta wewe kesho, na afadhali uyasikie mapema.

Mgonjwa wetu ni baba mkwe, Mzee Mizani. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, mke wangu ni Msukuma wa Kwimba, na watu wetu wametaniana tangu enzi za misafara ya wapagazi. Utani hauruhusiwi kumgusa mkwe moja kwa moja, lakini majina ya utani hayaombi ruhusa. Mzee alikuwa karani wa pamba. Yeye ndiye aliyesimama penye mizani msimu wa mauzo, akijua kwa kuupapasa mzigo tu kama mkulima amechomeka mchanga ndani ili uzito uongezeke. Hata alipostaafu aliendelea kupima: magunia, mbuzi, mafundi, na vijana wanaokuja kuposa. Siku niliyokwenda kuposa alinitazama muda mrefu, kisha akawaambia wazee wenzake kwamba mzigo huu ni mwepesi, ila hauna mchanga. Mke wangu bado anaisimulia hukumu hiyo kila akipata mgeni.

Halafu kulikuwa na Kiswahili chake. Mzee alisoma Tabora, akatoka huko na Kiswahili kilichonyooka. Alisikiliza taarifa ya habari saa mbili usiku akiwa ameinamia redio, na mtangazaji akikosea ngeli alimsahihisha palepale kwa sauti. Watoto wangu walijifunza kupima maneno kabla ya kumwamkia babu, kwa sababu ukisema "kitabu yangu" hupiti mpaka useme "kitabu changu" mara tatu. Kisukuma, lugha aliyonyonya, alikitumia kwenye simu na dada yake wa Ngudu na kwenye nyimbo za bafuni. Kiingereza alikiweka kwa ajili ya barua za ofisi. Hizo ndizo lugha tatu zilizokuwa kichwani mwake, kila moja na kazi yake, mpaka kiharusi kilipoingia.

Kilianza na presha. Alikuwa ameacha vidonge kwa kuwa alijisikia vizuri, jambo ambalo wazee wengi hufanya, na huwezi kumwamrisha mzee aliyekupima. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, mdomo ukapinda, na alipotaka kusema likatoka neno moja tu: "Ng'hana." Kwa Kisukuma ni kusema "kweli". Akiwa na kiu ni ng'hana, akiumwa ni ng'hana, akitaka tuondoke chumbani ni ng'hana ya ukali. Macho yalikuwa yanajua kila kitu, ila mdomo haukuwa na kingine cha kutoa.

Hospitalini aliambiwa kwa Kiswahili afumbe macho, kisha ainue mkono wa kushoto. Akamtazama mhudumu kimya. Kwenye faili kukaandikwa kwamba haelewi. Mke wangu akainama, akayarudia maneno yaleyale kwa Kisukuma chake cha kuungaunga, na mkono wa kushoto ukapanda juu mbele ya wote. Faili halikubadilishwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Mtu aliyekuwa akisahihisha redio aliandikwa kuwa hana ufahamu kwa sababu aliulizwa kwa lugha moja tu.

Aliyetufungua macho ni kijana mmoja wa tiba ya usemi, tuliyempata baada ya kuulizia sana, maana wataalamu hawa ni wachache ukanda wetu wote. Jirani zetu wa Uganda walianza kuwafundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008 tu. Kijana alikaa na familia nzima, akaeleza kwamba kwa watu wengi kazi ya lugha hufanyika upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kikombe na maneno vilianguka pamoja. Hali hiyo huitwa afasia, na huwapata karibu theluthi moja ya watu wanaopigwa kiharusi. Alipojua kazi ya zamani ya Mzee akatumia ghala la pamba: marobota yapo ndani, ila mlango umekwama. Mzee akamwelekeza kidole na kusema, "Ng'hana." Siku hiyo tuliliamini neno lake.

Tangu hapo binti yangu Kabula, ambaye humu ndani tunamwita Profesa, hakutupa nafasi ya kula kwa amani. Kila tukikaa mezani ana mgonjwa mpya wa kutusimulia. Wa kwanza alikuwa Leborgne, Mfaransa aliyelazwa miaka zaidi ya ishirini katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, akijibu kila kitu kwa silabi moja, "tan", na akikasirika anatoa tusi. Alipofariki mwaka 1861, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake na kukuta jeraha upande wa mbele, kushoto. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1874, Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine: mtu anamwaga maneno bila kukwama, lakini hayana maana, na ya wenzake pia hayaelewi. Mke wangu akaacha kijiko. Alimkumbuka mgonjwa wa kitanda cha jirani kule wodini, aliyeongea usiku kucha na sisi tukidhani ni mlevi.

Basi Mzee akarudi nyumbani, na taratibu maneno yakaanza kumrudia. Yakarudi kwa Kisukuma. Asubuhi alisema "mwangaluka", jioni akaagiza "bugali", akatoa shukrani, "wabeja", akiwa na machozi. Kiswahili cha Tabora hakikuonekana. Tazama basi hali ya nyumba: mimi Mzaramo sijui Kisukuma. Mke wangu alikulia Mwanza mjini, anaelewa nusu. Dada wa kazi ni Mhehe. Ikabidi tumwite dada yake Mzee kutoka Ngudu, tunayemwita Shangazi Ndoto.

Shangazi Ndoto ana moyo mkubwa na sauti ya upole, na kila asubuhi ana ndoto mpya inayotaja aliyemroga kaka yake. Tulimwomba sana asiwataje majirani kwa majina. Lakini yeye ndiye aliyeongea na Mzee kutwa nzima, habari za visima, mashamba na watu waliokwisha kufa, na kwa kuongea naye maneno yalizidi kufunguka. Aliyekaa katikati yao ni mwanangu wa darasa la tatu, Redio, mtoto asiyezimika. Tulidhani yuko pale kwa ajili ya karanga za shangazi. Kumbe anakusanya lugha.

Ndipo akaingia Shemeji Honi.

Shemeji Honi ni kaka wa mke wangu, anafanya kazi bandarini, na sauti yake imezoea kushindana na makontena. Alipomkuta baba yake kitandani aliongea naye kwa kupaza sauti zaidi, mpaka mjumbe wa nyumba kumi akaja kuuliza kuna nini. Tulimweleza kwamba masikio ya Mzee hayana tatizo lolote. Akapunguza kidogo, akapandisha tena. Moyo wake ulikuwa na haraka: harusi ya binti yake ilikaribia, ukumbi umelipiwa, na kwenye ratiba kuna mahali pa babu wa bibi harusi kutoa nasaha. Nasaha hizo alizitaka kwa Kiswahili, mbele ya wakwe zake wa Tanga. Kwa hiyo akatoa amri kwamba humu ndani ni Kiswahili tu. Atakayesema Kisukuma atumbukize shilingi mia tano kwenye kopo. Nyumbani kwangu amri ikishapita kwa kaka mtu na dada mtu imepita, na kopo likawekwa juu ya friji.

Ubishi ukahamia mezani. Profesa akasema zamani Mfaransa Théodule Ribot alishika kwamba lugha iliyotangulia kuingia ndiyo inayochelewa kutoka, na kwa hiyo Kisukuma cha babu kina haki yake. Halafu, kwa uaminifu wake, akaongeza kwamba mwaka 1895 daktari mwingine wa Ufaransa, Albert Pitres, alisema tofauti: inarudi kwanza lugha ambayo mtu aliizoea zaidi. Shemeji Honi akamdaka Pitres kwa mikono miwili. Baba ameongea Kiswahili maisha yake yote ya kazi, akasema, basi hicho ndicho kilipaswa kutangulia. Kama hakijatangulia ni kwa kuwa mnamdekeza.

Profesa akatulia, akamletea Mswisi. Huyu alichunguzwa na daktari Minkowski wa Zurich, aliyeandika habari zake miaka ya 1920. Alizaliwa na Kijerumani cha Uswisi, akaoa kwa Kijerumani, akazaa kwa Kijerumani. Baada ya kiharusi akaamka na Kifaransa. Mkewe hakijui, na watoto ndio waliokaa kati ya baba na mama wakitafsiri kwa Kifaransa chao cha shule. Sababu iliyotolewa na daktari ni kwamba ujanani huyu bwana aliishi Ufaransa na huko alikuwa na penzi kubwa. Ribot hakuliona hilo, wala Pitres. Lugha hubaki kwa umri, kwa mazoea, kwa mahali jeraha lilipo, na wakati mwingine kwa moyo.

Hapo mazungumzo yakavurugika kabisa. Shangazi Ndoto alitaka kujua kama mke wa Mswisi aliendelea kumpikia. Mke wangu akauliza kama baba yake aliwahi kuwa na mtu kule Usukuma kabla ya mama. Shangazi akajibu kwamba yapo mambo ya Ngudu ambayo hayasemwi mezani, na alijibu kwa Kisukuma, na hakutoa hata shilingi. Chakula kikapoa. Sikuuliza zaidi.

Kilichoiharibu amri ile zaidi ni siku za kubadilikabadilika. Ilitokea Mzee akaamka na Kiswahili, akasema sentensi nzima na ngeli zake, Shemeji Honi akapiga simu ukoo mzima. Kesho yake Kiswahili hakipo, kimebaki Kisukuma. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mzee anajifanya. Maneno hayo yalimtoa mke wangu machozi. Nikushike mkono hapa, msomaji, kwa sababu jambo hili linawaumiza wagonjwa wengi: si kujifanya. Mtaalamu wa McGill kule Montreal, Michel Paradis, na wenzake waliandika mwaka 1982 kuhusu mtawa mmoja wa Morocco, muuguzi wa watoto, aliyejua Kifaransa na Kiarabu. Baada ya kuumia kichwa, kuna siku Kiarabu kilimtii na Kifaransa kikamgomea, siku nyingine ikawa kinyume. La ajabu zaidi, aliweza kutafsiri kuingia kwenye lugha ambayo siku hiyo hakuweza kuizungumza mwenyewe. Lugha ilikuwepo, kuifikia ndiko kulikomshinda. Profesa aliisoma habari hiyo kwa sauti kibarazani, makusudi, wakati jirani mmoja akianika nguo.

Sasa nikueleze usiku wa mafuriko.

Mtaani kwetu maji ya bomba huja kwa zamu, na mara nyingi huja usiku wa manane. Mchana wake bomba la jikoni lilifunguliwa, likakutwa kavu, likaachwa wazi. Nani aliliacha, hajulikani mpaka leo, na uchunguzi umefungwa kwa sababu za amani. Usiku ule Luku ilikuwa imeisha, giza limejaa, nyumba nzima imelala isipokuwa Mzee. Maji yakaja. Ndoo ikajaa, sinki likajaa, maji yakaanza safari kuelekea sebuleni, kilipo kitanda chake. Yeye aliyasikia kabla ya wote.

Na yeye, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mwanawe, akajitahidi kutuita kwa Kiswahili. Akatafuta neno, akapata lililokuwa karibu na ulimi kwa miaka yote ya kazi: "Pamba! Pamba! Pamba!"

Dada wa kazi aliamka akakimbilia sanduku la dawa, akatoka na robota la pamba ya vidonda. Mke wangu akadhani Mzee anatokwa damu, akaanza kumpapasa gizani. Shangazi Ndoto akalia kwamba ndiyo ile ndoto yake ya juzi. Shemeji Honi, aliyekuwa amelala kwenye kochi la kibarazani, akaingia akiuliza kwa sauti ya bandarini ni pamba gani, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo Mzee alivyozidi kusema pamba, jasho likimtoka, mkono mmoja mzima ukielekeza jikoni. Mimi nilikuwa natafuta tochi ya simu. Miguu yetu yote ilikuwa imelowa, na bado tulikuwa tukizungumzia pamba.

Redio akatoka chumbani na kaptula yake ya kulalia, akapanda kitandani kwa babu, akamuuliza kwa Kisukuma. Mzee akashusha pumzi na kujibu neno moja: "Minzi."

"Anasema maji," akatangaza Redio. Halafu akamgeukia mjomba wake: "Na mia tano sina."

Zulia la kikao cha mahari ya dada zangu, nililorithi kwa mama, lilikufa usiku ule. Gunia la mchele wa Kyela lilivimba chini. Vitabu vya Profesa vilianikwa kwenye kamba pamoja na mashuka. Lakini asubuhi Shemeji Honi mwenyewe alishusha kopo kutoka juu ya friji, akampa Redio hela zote zilizokuwamo, akaketi kando ya baba yake, akamwamkia polepole na kwa sauti ya chini kabisa niliyowahi kuisikia kwake: "Mwangaluka, baba." Mzee akamshika mkono. Tangu siku hiyo hakuna amri ya lugha nyumbani kwangu.

Kijana wa tiba ya usemi alituunga mkono. Alisema zamani wataalamu waliwashauri wagonjwa wa lugha mbili wabaki na moja ili wasichanganyikiwe, lakini siku hizi inajulikana kwamba mazoezi katika lugha moja yanaweza kuivuta na nyingine, na kumnyima mtu lugha inayompa maneno ni kumnyima njia. Tukaongeza nyimbo. Kuimba hutegemea pia upande wa kulia wa ubongo, ndiyo maana wapo wasioweza kusema jina lao lakini wanaimba ubeti mzima. Huko Sweden mwaka 1745 iliandikwa habari ya mtu wa namna hiyo, bubu kwa mazungumzo, mzima kwa nyimbo za kanisani.

Mzee wetu ni Mgalu. Usukumani vyama vikubwa vya ngoma ni viwili, Bagalu na Bagika, na ushindani wao hauishi. Kila Juni pale Bujora, nje ya Mwanza, watu hukusanyika kwenye sherehe ya Bulabo kuushuhudia. Mtaa wa nyuma tukampata mzee Mgika. Tukamkaribisha chai. Alipomwona Mzee kitandani alisikitika, kisha akaanza wimbo wa kwao, wa kuwacheka Bagalu. Mzee akanyanyuka nusu mwili na kumjibu, maneno yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Sasa yule mzee huja karibu kila jioni. Kelele zake ni kubwa, sukari inakwisha haraka, na mke wangu amekwisha kusema kwamba hakuna wa kumzuia. Mimi nimenunua sukari ya mfuko mkubwa.

Harusini Mzee alitoa nasaha kwa Kisukuma, fupi, akiwa ameketi. Redio alisimama kando na kutafsiri, na wakwe wa Tanga walipiga makofi. Mama yake anashuku kwamba sehemu ya kuhusu watoto kupewa soda mbili haikutoka kwa babu.

Kiswahili kinarudi kwa hatua ndogo. Juzi alisema "kiti yangu". Watoto walitazamana, hakuna aliyemsahihisha, na Redio akaenda kumletea kiti.

Ombi langu kwako ni hili. Ukiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea, au maneno yamempotea, usisubiri ndoto ya shangazi wala kupambazuke. Angalia saa na mkimbize hospitali, kwa maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa wanaofaa kuipata, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mwenye presha ameze vidonge hata siku anazojisikia vizuri. Na mkifika hospitalini, mwambieni daktari mapema mgonjwa wenu anajua lugha zipi, ya kwanza ni ipi, na nyumbani anaongea ipi. Paradis alitoa kipimo cha afasia cha watu wa lugha mbili mwaka 1987, na msingi wake ni kwamba mgonjwa apimwe katika kila lugha yake. Hilo halihitaji mashine. Linahitaji ndugu mmoja anayejua lugha ya mgonjwa asimame kitandani, na mhudumu aliye tayari kumsikiliza. Asiyeweza kusema hajapoteza akili. Muulizeni tena, kwa lugha yake.